Mdomo ulitazama mbele, mti ukalala kulia. Kisiki kipo, njooni mkisome

#1 Kivulini
Wakuu salaam. Nina ubishi na fundi wa chensoo, nimeona niulete huku kwa wenye uzoefu.

Kulikuwa na mkaratusi nyuma ya nyumba, unene kama sm 50 pale ulipokatwa. Mbele yake uwanja mtupu, kulia kwake banda la kuni. Fundi akakata mdomo (lile pengo la kabari upande mti unakotakiwa kuangukia) ukitazama uwanjani, akazunguka nyuma akaanza mkato wa nyuma. Mti ukaanza kwenda vizuri tu. Ukiwa bado karibu wima ukajizungusha ukalala kulia, juu ya banda. Hakuna aliyeumia, ila banda ndio hivyo tena.

Fundi anasema ni upepo. Mimi nilikuwepo na majani yalikuwa hayatikisiki. Sasa kama mdomo umetazama mbele, mti unapataje kwenda kando? Nilidhani mdomo ndio usukani.

#2 Mkorofi_Mstaarabu
Banda lilimkalia vibaya mti wa watu. Nawasilisha.

#3 Gogo_Refu
Mdomo si usukani, mkuu. Mdomo kazi yake ni kuufungulia mti nafasi ya kuinamia. Usukani ni bawaba: ule utepe wa mbao ambao haukatwi kabisa, unaobaki katikati ya mdomo na mkato wa nyuma. Mti ukiwa unakwenda chini, bawaba inapinda taratibu huku inaukataza kwenda kando. Ikikatika mapema, mti hauna bwana tena. Utakwenda unakoelekea uzito wake.

Usikiguse hicho kisiki. Simama nyuma yake utazame uwanja, kisha utuambie mdomo una kina gani, bawaba nene kiasi gani kushoto na kulia, na nyuzi zimechomoka au zimekatwa na mnyororo. Nyuzi ndizo zitakazotuambia mengi.

#4 Nzi_wa_Kijani
Msimdharau fundi mapema hivyo. Mkaratusi ni mrefu, kilele kinaweza kupata upepo ambao aliyesimama chini hausikii hata kidogo. Na mti ukishakatwa nyuma, kijiupepo kidogo tu kinatosha.

#5 Kivulini
Nimetoka kupima sasa hivi. Nimesimama nyuma ya kisiki kama alivyosema Gogo_Refu.

Mdomo una kina cha sm 19. Bawaba upande wa kulia ina unene wa sm 6, na nyuzi zimechomoka ndefu, zimesimama kama ufagio, nyingine zinazidi kiganja changu. Kushoto hamna kitu. Kuanzia katikati bawaba inazidi kupungua, na sm 12 za mwisho upande wa kushoto ni laini kabisa. Mistari ya mnyororo inaonekana ikipita moja kwa moja mpaka ndani ya mdomo. Nimepitisha kidole, hakuna uzi hata mmoja.

#6 Fizikia_Tu
Basi kesi imekwisha. Kulia kuna sm 6 zinazovuta, kushoto sifuri. Mti ukianza kuinama, upande uliokatwa unaachia, upande uliobaki unashikilia na kuuvuta mti kwake. Lazima uzunguke kulia. Hakuna upepo hapo.

#7 Gogo_Refu
#6 yuko sawa, na naweza kusema fundi alisimama wapi. Alisimama kulia kwa mti. Mashine ilikuwa kulia, ncha ya bapa (ule upanga unaobeba mnyororo) ikatokea kushoto, upande asiouona. Alikuwa anaangalia bawaba ya karibu yake, anaiona nene, anajiambia bado kidogo. Kumbe ncha huko ng'ambo imeshatangulia na kumaliza kila kitu.

Ndiyo maana mti mnene unatakiwa uache kidogo, uzunguke, uchungulie upande wa pili, urudi. Wengi hawazunguki. Uvivu wa hatua tatu.

#8 Kivulini
Aisee #7, ulikuwepo? Kweli alisimama kulia muda wote, banda likiwa nyuma yake.

#9 MamaMisitu
Naomba msifunge kesi. Kivulini anasema mti ulijizungusha ukiwa "bado karibu wima". Kwa bawaba nzima ya sm 6 upande mmoja, ningetarajia mti uiname kwanza kiasi cha kuonekana, halafu ndio uanze kupinda njia. Kukatika mapema namna hiyo kuna sababu nyingine inayojulikana sana.

Chungulia kona ya ndani ya mdomo, pale mkato wa juu na wa chini vinapokutana. Vinakutana kwenye mstari mmoja? Au mmoja umepitiliza ukaingia ndani zaidi?

Ukipitiliza, ule ufa mwembamba unaobaki ndio unakuwa mdomo halisi wa mti. Hata kama mdomo wenyewe una digrii 70, mti ukiinama kidogo tu ule ufa unajifunga, mbao inagota juu ya mbao, na bawaba inalazimishwa kuvunjika wakati mti bado uko juu. Kuanzia hapo ni bahati nasibu.

#10 Mzee_wa_Mbao
Wadogo zangu, mnahangaika na vitu vidogo. Mdomo theluthi moja ya unene, bawaba nayo theluthi, mkato wa nyuma theluthi iliyobaki. Tena mkato wa nyuma uuteremshe kwa mshazari, mti usirudi nyuma. Nimefanya hivyo tangu enzi za shoka na msumeno wa watu wawili.

#11 MamaMisitu
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, bawaba ya theluthi moja ni nene kupita kiasi, mti hautapinda, utapasuka. Kipimo kinachofundishwa ni karibu asilimia 10 ya unene. Kwa mti wa sm 50 ni kama sm 5, nene sawasawa toka upande hadi upande. Mdomo wa theluthi wapo wanaoufundisha kama ukomo, ila siku hizi wengi husema moja ya tano hadi robo, yaani sm 10 mpaka 12.5 kwa mti huu. Huyu fundi alikata sm 19. Kapitiliza hata theluthi.

Na mshazari, hapana. Mkato wa nyuma unakwenda usawa, juu kidogo ya kona ya mdomo, sm 2.5 mpaka 5. Hicho kidaraja ndicho kinachozuia shina lisiteleze kurudi kwa mkataji. Ukikata mshazari huoni vizuri unafikia wapi, na bawaba inatoka ya ajabu ajabu.

#12 Mzee_wa_Mbao
Marahaba. Nimesikia. Ila miti yangu yote ilianguka.

#13 Mkorofi_Mstaarabu
Hata wa Kivulini umeanguka mzee 😂

#14 Tupa_na_Patasi
Hakuna aliyeuliza habari za mnyororo wenyewe? Meno yakinolewa upande mmoja zaidi ya mwingine, chensoo haikati moja kwa moja, inavuta. Nimeona watu wanapitisha tupa mara nyingi upande wa mkono wao wenye nguvu, upande wa pili wanapapasa. Matokeo yake mkato unapinda wenyewe. Hiyo ndiyo iliyokula bawaba ya kushoto.

#15 Fizikia_Tu
Nusu sahihi. Bapa likiwa limelala, meno yasiyolingana yanalifanya lipande au lishuke, si kwenda mbele. Haliwezi kuifanya bawaba iwe nyembamba kushoto. Linaweza kufanya mkato wa nyuma uwe juu upande mmoja na chini upande mwingine.

#16 Tupa_na_Patasi
Sawa, basi Kivulini apime urefu wa mkato wa nyuma kutoka ardhini, kushoto na kulia. Tutaona nani nusu.

#17 Kivulini
Mnanifanyisha kazi kweli. Nimepima.

Kwa Tupa: mkato wa nyuma upande wa kulia uko juu ya kona ya mdomo kwa sm 3. Unateremka kwenda kushoto, na kushoto kabisa uko CHINI ya kona ya mdomo kwa kama sm 1.

Kwa MamaMisitu: ndiyo, mkato wa chini umepitiliza. Nimeingiza karatasi ngumu kwenye ufa, inaingia sm 3 hivi kuanzia katikati kwenda kulia. Kushoto siwezi kujua kwa sababu bawaba yenyewe haipo.

#18 Tupa_na_Patasi
Asante. Sina la kuongeza. (Ninalo lakini nafurahia kwanza.)

#19 MamaMisitu
Haya. Ufa wa sm 3 na upo upande wenye bawaba nene. Mti uliinama kidogo, ufa ukajifunga, bawaba ya kulia ikavunjwa. Zile nyuzi ndefu ni mbao iliyochanwa kwa nguvu.

#20 Gogo_Refu
Mama, hapo nakukatalia. Bawaba iliyoachwa vizuri nayo huacha nyuzi, maana mwisho wa safari lazima ikatike. Na kama kushoto sm 12 hazipo kabisa, kupitiliza kulia kunaongeza nini? Mti ulishapoteza mshiko.

#21 MamaMisitu
Kunaeleza wakati. Ubishi wetu ni kwa nini ulienda mapema, si kwa nini ulienda kulia.

#22 Gogo_Refu
Kivulini aliuliza kwa nini ulienda kulia.

#23 Shoka_Kimya
Wakati wakubwa wanabishana, nauliza la kijinga: mti wenyewe ulikuwa umesimamaje? Ulilalia wapi? Na matawi mengi yalikuwa upande gani?

#24 Kivulini
Shina lilikuwa limenyooka kwa macho yangu. Matawi mengi yalikuwa kulia, kwa sababu kushoto kuna mti mwingine mkubwa unaokinga jua.

#25 Shoka_Kimya
Ndiyo hapo. Shina lililonyooka halikwambii chochote. Mti uliokua kwenye kivuli cha mwenzake unapeleka mikono yake kwenye mwanga, uzito wote uko huko. Funga jiwe kwenye uzi, unyooshe mkono, simama mbali ulinganishe uzi na katikati ya mti. Halafu rudia ukiwa umesimama pembeni yake, kwa sababu kuuangalia kutoka mbele tu hakuoneshi unavyolala mbele au nyuma. Macho matupu yanadanganywa na mteremko wa ardhi na hata na ukuta wa jirani.

Mti wenye uzito wa kulia, bawaba inatakiwa iachwe nene KUSHOTO, kwa sababu kushoto ndiko kunakovutwa. Fundi alifanya kinyume chake kabisa. Hata kama kushoto angebakiza sm 2, bado ingekuwa kamari.

#26 Nzi_wa_Kijani
Kwa hiyo uzito ulikuwa kulia, na upepo ukausukuma kidogo. Bado sijatoka kwenye upepo wangu.

#27 Kabari_Mbili
Mbona hakuna aliyetaja kabari? Mti una uzito wa pembeni, unaweka kabari kwenye mkato wa nyuma upande ulioelemewa, unagonga kadiri unavyokata. Ya plastiki au alumini, SI ya chuma cha pua wala kipande cha nondo, mnyororo ukiigusa unapoteza meno yote kwa sekunde.

Ila na mdomo wa sm 19, mti wa 50, bawaba ya 6 ukitoa, unabaki na sm 25 za kupitisha bapa na kabari. Inawezekana, lakini mdomo mfupi ungempa nafasi zaidi.

Kivulini, kuna kabari ilitumika?

#28 Kivulini
Sikuona kabari yoyote.

#29 Kabari_Mbili
Nilijua.

Naomba niseme jambo lililo pembeni kidogo na uzi, kwa sababu wapo wanaosoma hapa na kesho watashika mashine. Wa Kivulini ulienda kando. Kuna kosa baya kuliko hilo: mti ulioinamia MBELE, kule kule unakotaka uanguke. Watu wanauona rahisi. Unakata mdomo, unakuja nyuma, unaanza kukata polepole. Uzito wote uko mbele, nyuma kunavutwa kwa nguvu za ajabu, na kabla hujafika kwenye bawaba shina linapasuka kwenda juu, toka pale ulipofikia mpaka juu ya kichwa chako. Kipande cha nyuma kinafyatuka kurudi ulikosimama, halafu mti mzima unakalia juu ya ule mpasuko na unaweza kudondokea popote. Nimelishuhudia kwa mwenzangu kazini. Aliokolewa na kuwa mfupi, na hilo si utani. Kisiki kilibaki na ubao uliosimama mrefu kuliko mtu.

Mti wa namna hiyo hukatwi kutoka nyuma. Unakata mdomo, halafu unaingiza bapa kwa ncha kupita katikati ya shina, nyuma ya pale bawaba itakapokuwa. Unatengeneza unene wa bawaba kwanza, kisha unakata kurudi nyuma, unaacha kipande cha mbao nyuma kabisa kinachoushikilia mti. Hapo mti umetulia, una muda wa kuangalia pande zote na njia yako ya kukimbilia. Ukiwa tayari unakikata kile kipande cha nyuma kutokea nje, unaondoka.

#30 Daktari_wa_Zamu
Na hapo kwenye "unaingiza bapa kwa ncha" ndipo tunapopokea wagonjwa. Robo ya juu ya ncha ya bapa haitakiwi kugusa kitu ikiwa mnyororo unazunguka. Ikigusa, mashine inarushwa juu na nyuma kuelekea usoni na shingoni haraka kuliko mtu anavyoweza kuitikia. Breki ya mnyororo ipo kwa ajili hiyo, lakini kazi yake ni kupunguza madhara, si kukupa ruhusa.

#31 Kabari_Mbili
Sahihi kabisa daktari. Unaanza na robo ya CHINI ya ncha, mashine ikiwa kwenye kasi kamili, ukishapata kishimo ndio unaligeuza bapa liingie. Mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, dole gumba lizunguke chini. Wanaoweka dole gumba juu pamoja na vidole vingine siwaelewi.

#32 Fizikia_Tu
Kivulini, ulisema mdomo ulitazama uwanjani. Ulipimaje? Nauliza kwa sababu digrii 5 kwenye kisiki, kwa mti wa mita 20, ni karibu mita 1.7 kwenye kilele. Digrii 10 ni kama mita 3.5. Kwa macho digrii 5 huzioni. Chensoo nyingi zina mstari juu ya mwili wake, ukiulekeza mstari kule unakotaka mti, bapa linakaa sawa na mdomo. Wengi wanadhani ni urembo wa kiwanda.

Laza fimbo iliyonyooka kwenye kona ya mdomo, toka kushoto hadi kulia, kisha weka nyingine iwe pembe mraba nayo. Hiyo ya pili ndiyo njia ya mti.

#33 Mkorofi_Mstaarabu
Kivulini akimaliza uzi huu atapewa cheti.

#34 Kivulini
Fimbo ya pili inaelekea kulia kwa katikati ya uwanja. Si sana. Ingepita kama mita 4 kushoto kwa banda. Kwa hiyo hata mti ungefuata mdomo, banda lilikuwa salama.

#35 Fizikia_Tu
Lakini tayari ulikuwa umepewa mwelekeo wa kulia. Kila kitu kwenye mti huu kilikuwa kinaelekea kulia: mdomo kidogo, matawi, bawaba.

#36 Mgeni_Jukwaani
Naomba kuuliza tu. Kivulini aliandika mwanzoni kwamba alikuwepo akaona majani hayatikisiki. Ulisimama umbali gani?

#37 Kivulini
Mbali tu. Kama mita 15.

#38 Gogo_Refu
Na mti ulikuwa na urefu gani?

#39 Kivulini
Baada ya kuanguka tulipima, mita 22.

#40 Gogo_Refu
😳 Kwa hiyo ulisimama ndani ya urefu wa mti. Asiye mkataji anakaa mbali mara mbili ya urefu wa mti, pande zote, si nyuma tu. Kwako ni mita 44. Ungekuwa kulia tusingekuwa na mwenye uzi.

Urefu unaupima kabla, si baada. Chukua fimbo yenye urefu sawa na kutoka ngumi yako iliyonyooshwa hadi jichoni. Isimamishe wima kwenye ngumi, mkono umenyooka, rudi nyuma mpaka fimbo izibe mti kuanzia shina hadi kilele. Hapo uliposimama mpaka kwenye mti ndio urefu wake, kama ardhi iko sawa.

Na fundi alikuwa na njia ya kukimbilia? Inasafishwa kabla ya kuwasha mashine, kwa mshazari wa digrii 45 hivi kurudi nyuma. Si nyuma moja kwa moja, shina linaweza kuteleza kukufuata. Mti ukianza tu kwenda, unaondoka, macho juu. Wanaobaki kuangalia mti unavyoanguka ndio wanaodondokewa na matawi makavu yaliyokuwa yamening'inia.

#41 Kivulini
Njia ya kukimbilia sikuiona. Alikuwa na malapa.

#42 Tupa_na_Patasi
MALAPA.

#43 Nzi_wa_Kijani
Hapo hata mimi wa upepo namwacha mkono.

#44 Mzee_wa_Mbao
Sisi tulivaa suruali nzito za jinzi, zilitosha.

#45 Daktari_wa_Zamu
Hazitoshi mzee wangu. Jinzi mnyororo unaipita kama haipo, tena inaingiza vipande vya kitambaa kwenye kidonda. Suruali za kazi hii haziuzuii mnyororo kwa ugumu. Ndani zina matabaka ya nyuzi ndefu, mnyororo ukigusa unazichomoa, zinajisokota kwenye gurudumu linalouzungusha na kuukaba. Zimepangwa kwa madaraja kulingana na kasi ya mnyororo: daraja la 1 ni mita 20 kwa sekunde, la 2 ni 24, la 3 ni 28. Ikishakatwa mara moja haifai tena. Na chensoo za umeme na betri zina nguvu ya kuzungusha tofauti na za petroli, nyuzi zinaweza zisitoshe kuzisimamisha, msizitegemee kama dawa.

Masikio pia. Chensoo ya petroli inapita desibeli 100.

Kwa wapenda historia: misumeno ya kwanza ya mnyororo haikuwa ya miti. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mdogo wenye meno, wa kuvuta kwa mkono, kukata mifupa. Ikiwemo nyonga ya mama aliyekwama kujifungua.

#46 Mkorofi_Mstaarabu
Nilikuwa nakula.

#47 Tupa_na_Patasi
Na meno tunayotumia leo yametokana na mdudu. Mmarekani mmoja, Joseph Cox, mwaka 1946 aliona buu la mbawakawa wa mbao linavyotafuna kisiki, taya zinakwenda kushoto na kulia, si kukwangua mbele. Akatengeneza meno yanayopishana hivyo hivyo, mwaka uliofuata akaanza kuyauza. Ndiyo maana nasisitiza kunoa pande zote sawa: jino la kushoto na la kulia ni taya mbili za buu mmoja.

#48 Shoka_Kimya
Turudi kwenye kisiki. Katikati ya bawaba, kati ya zile sm 12 zisizokuwepo na sehemu nene ya kulia, mbao ina rangi gani? Chukua msumari uchome pale, halafu uchome pembeni palipo na mbao safi.

#49 Kivulini
Ina rangi ya kahawia iliyokoza, eneo kama la kiganja. Msumari unaingia kwa kidole gumba tu. Pembeni hauingii bila nyundo.

#50 Shoka_Kimya
Umeoza moyo. Mbao iliyooza haina nyuzi za kushika, unakuwa na bawaba kwa macho tu. Kabla ya kukata unagonga shina kwa kisogo cha shoka, linaitika kama tupu. Na unaangalia unga unaotoka kwenye chensoo: ukibadilika kuwa kahawia na laini badala ya vipande vyeupe, unasimama unafikiri upya. Fundi hakuusoma unga.

#51 Gogo_Refu
Uozo ni wa katikati. Mti unaongozwa na ncha mbili za bawaba, kushoto na kulia, ndiyo maana kwenye miti minene watu hutoboa katikati kwa makusudi na bado unakwenda sawa. Mimi sihami: ni ncha ya bapa, upande asiouona.

#52 MamaMisitu
Unaweza kutoboa katikati kama ncha zote mbili zipo. Hapa ilikuwepo moja, tena yenye ufa chini yake.

#53 Fundi_wa_Kweli
Habari za humu. Nimetumiwa uzi huu. Mimi ndiye fundi.

Nimesoma yote, mengine nimejifunza, mengine ni ya watu waliokaa kwenye viti. Lakini mbona mwenye uzi hajasema kwamba kulikuwa na KAMBA? Mti ulifungwa kamba juu, na shemeji yake aliikamata. Nilimwambia asimame uwanjani, mbele. Niliponyanyua kichwa alikuwa amesogea kulia karibu na banda, anatafuta kivuli. Aliyeuvuta mti kulia anajulikana.

#54 Mkorofi_Mstaarabu
WAKUU. Uzi umeanza upya.

#55 Gogo_Refu
Kivulini????

#56 Kivulini
Kamba ilikuwepo lakini ilikuwa ya tahadhari tu, ililegea. Sikuona kama ina maana. Tena fundi mwenyewe ulisema ni upepo, kamba imeingia leo.

#57 Fundi_wa_Kweli
Nilisema upepo kwa heshima ya shemeji. Na buti ninazo, siku ile zilikuwa zimelowa.

#58 Fizikia_Tu
Kamba inabadilisha hesabu. Ilifungwa urefu gani? Ikifungwa juu, tuseme theluthi mbili ya mti, mtu mmoja anaweza kuuyumbisha mti uliokwisha kukatwa nyuma. Ikifungwa mita 3 kutoka chini, haifanyi chochote.

#59 Fundi_wa_Kweli
Juu. Nilipanda mwenyewe kwa ngazi mpaka kwenye panda ya kwanza, kama mita 9.

#60 MamaMisitu
Fundi, karibu, na asante kwa kujitokeza. Ila mvutaji kamba hasimami ndani ya urefu wa mti, awe mbele au kulia. Kamba iwe ndefu kuliko mti, au ipitishwe kwenye roda iliyofungwa pembeni ili avute akiwa nje kabisa ya njia. Shemeji alisimama umbali gani?

#61 Fundi_wa_Kweli
Kamba yenyewe ilikuwa ya mita 20, nyingine imeliwa na mafundo.

#62 Gogo_Refu
Kwa hiyo mvutaji alikuwa ndani ya mti, mwenye mti alikuwa ndani ya mti, mkataji kavaa malapa. Mti ulikuwa na watu watatu wa kuchagua, ukachagua banda. Mshukuruni.

Na bado nasema: kamba iliyolegea haikati sm 12 za bawaba. Mistari ya mnyororo iko pale pale. Fundi, ulizunguka kuangalia upande wa kushoto au hukuzunguka?

#63 Fundi_wa_Kweli
Kushoto kulikuwa na miiba.

#64 Tupa_na_Patasi
Na mnyororo uliunoa lini? Pande zote?

#65 Fundi_wa_Kweli
Mnyororo usiuguse, ule ni mzima. Swali liwe kamba.

#66 Shoka_Kimya
Swali liwe moyo uliooza.

#67 Kivulini
Nimempigia shemeji. Anasema hakushika kamba hata kidogo, aliifunga kwenye nguzo ya banda akatoa simu kurekodi. Anaitafuta video.

#68 Fizikia_Tu
Subiri. Kwenye nguzo ya BANDA?

#69 Nzi_wa_Kijani
Kwenye video angalieni majani ya kileleni. Nasema tu.